Milio ya Kirigiti: Mashindano ya Bastola Yanavyoendeshwa na Jinsi ya Kutunza Silaha

Wakazi wa Kirigiti, Riabai na Ndumberi wameizoea milio. Husikika mlio mmoja, kimya kifupi, kisha mfululizo wa milio sita au saba inayofuatana upesi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Mgeni aliye dukani hushtuka. Mwenye duka huendelea kupima sukari. Chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki kina uwanja wake wa shabaha hapo Kirigiti, mahali ambapo jina lenyewe, kama wazee wanavyotusimulia, lilitokana na mchezo mwingine kabisa, kriketi, uliochezwa hapo enzi za ukoloni.

Wananchi huuliza mengi kuhusu milio hiyo. Je, ni salama? Nani anaruhusiwa kuingia? Leseni hutolewa wapi, na je, ofisi ya wadi inaweza kusaidia? Makala haya yanajibu maswali hayo. Pia yanazungumza na wale ambao tayari wana leseni, kuhusu namna ya kukitunza chombo hicho ili kisiwageuke. Sehemu hiyo ndiyo tutakayoikalia zaidi. Uwanjani mtu huwa na msimamizi begani mwake. Nyumbani, mezani, kitambaa mkononi, yuko peke yake.

Mchezo wenyewe

Ulengaji shabaha wa Olimpiki watu wengi wameuona kwenye televisheni: mtu amesimama wima, mkono mmoja umenyooka, anapumua taratibu na kufyatua risasi moja moja kwenye duara jeusi. Mchezo tunaouzungumzia hapa ni tofauti. Mshindani hutembea, hukimbia, huchungulia kando ya ukuta wa mbao, hupiga magoti, hubadilisha magazini akiwa bado anatembea, na saa inamhesabia tangu mlio wa kuanza hadi risasi yake ya mwisho.

Aina mbili ndizo zinazojulikana zaidi duniani. Ya kwanza husimamiwa na shirikisho liitwalo IPSC, lililoundwa mwezi wa Mei mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyewahi kuwa afisa wa wanamaji wa Marekani. Kaulimbiu ya shirikisho ni maneno matatu ya Kilatini yanayobeba mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Mashindano ya dunia yamefika Afrika pia. Afrika Kusini iliyaandaa mwaka 2002 na tena mwaka 2025. Jina kubwa zaidi katika mchezo huo ni la Mfaransa Eric Grauffel, aliyetwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kuendelea kuutwaa hata baada ya wapinzani wake wa ujanani kustaafu.

Aina ya pili, IDPA, ilianzishwa Marekani mwaka 1996 na watu walioona kwamba ile ya kwanza imegeuka kuwa mbio za bastola za bei ghali. Wakasema turudi kwenye bastola ya kawaida, iliyofichwa chini ya koti, jinsi mwenye leseni anavyoibeba kila siku. Mshindani wa IDPA huvaa vazi linaloifunika silaha, na lazima ajikinge nyuma ya ukuta au pipa anapofyatua. Kituo kimoja hakizidi risasi 18. Hapa Kenya aina hii ndiyo iliyoshika mizizi, na sababu si ngumu kuielewa: mwenye bastola nchini hutakiwa kuificha, kwa hiyo anafanya mazoezi ya kile ambacho tayari anakibeba.

Hesabu zao hazifanani. Katika IDPA kila pointi unayopoteza kwenye karatasi huongeza sekunde moja kwenye muda wako, na ukipiga sanamu ya mtu asiye na hatia, unaongezewa sekunde 5. Mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi. IPSC hugawanya pointi kwa muda, na hapo ndipo watazamaji wengi huchanganyikiwa. Tuchukue mfano.

Kituo kina karatasi 6, kila moja inapigwa risasi 2, jumla 12. Katikati ya karatasi kuna eneo A lenye pointi 5. Nje yake eneo C, pointi 3 kwa anayetumia risasi za nguvu ndogo. Kisha D, pointi 1. Ukikosa kabisa unatozwa pointi 10. Mshindani wa kwanza anapiga A zote 12: pointi 60, kwa sekunde 12. Gawanya, unapata 5.00. Wa pili anapiga A 8 na C 4: pointi 52, lakini kwa sekunde 9.50. Anapata 5.47. Wa tatu ndiye anayeshangiliwa na vijana walio kwenye uzio, maana amemaliza kwa sekunde 8.50. Lakini ana A 9, C 2, na risasi moja imepita kando. Pointi 51 zinatolewa 10, zinabaki 41, naye anapata 4.82. Wa pili anachukua pointi zote 60 za kituo, wa kwanza anapewa 54.81, na yule wa mbio anapata 52.87. Anayefyatua kwa utulivu mno na anayefyatua kwa pupa wote wameshindwa na aliyejua ni kiasi gani cha usahihi anaweza kukiuza ili anunue sekunde.

Nguvu ya risasi nayo hupimwa. Uzito wa kichwa cha risasi katika greni huzidishwa kwa mwendo wake katika futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha greni 124, ikienda futi 1,050 kwa sekunde, inapata 130.2. Kiwango cha chini ni 125, kwa hiyo imepita. Kipimo hicho kipo ili mtu asijipatie faida kwa kutumia risasi dhaifu zisizorusha mkono.

Nidhamu ya uwanjani

Anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: watu wana bastola viunoni, na hakuna anayezigusa. Bastola zote hazina risasi. Mshindani huijaza silaha yake anapoamriwa tu na msimamizi, akiwa kwenye mstari, uso wake umeelekea kwenye tuta. Akimaliza, anatoa magazini, anavuta slaidi nyuma, msimamizi anachungulia chemba kwa macho yake mwenyewe, bastola inafyatuliwa ikiwa tupu kuelekea tutani, inarudishwa kwenye ala, na hapo tu ndipo msimamizi hutangaza kuwa uwanja ni salama. Kabla ya tangazo hilo hakuna anayesogea mbele kuhesabu matundu.

Anayetaka kuirekebisha silaha yake hwenda kwenye meza maalumu ya usalama. Kwenye meza hiyo unaruhusiwa kushika bastola, hairuhusiwi kushika risasi. Hata risasi za bandia za mazoezi ni marufuku hapo, maana kwa mbali hakuna anayeweza kuzitofautisha na za kweli.

Adhabu ya kuvunja kanuni za usalama ni moja tu, kuondolewa kwenye shindano zima. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka upande wa tuta, umeondolewa. Kidole kikibaki kwenye kifyatulio unapotembea au unapobadilisha magazini, umeondolewa. Bastola ikianguka wakati wa zamu yako, umeondolewa. Ikiwa imekuponyoka kutoka kwenye ala ukiwa unatembea tu na haina risasi, usiiokote. Mwite msimamizi aiokote yeye. Wengi huondolewa kwa kujaribu kuokota.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumwona mzee mmoja, mtu wa heshima zake, aliyesafiri tangu alfajiri, akiondolewa kwenye kituo cha pili kwa sababu ya kidole. Hakuna risasi iliyotoka, hakuna aliyedhurika. Mzee hakubishana. Alivua ala, akaweka bastola mkobani, kisha akabaki siku nzima akibandika karatasi za wenzake. Wapo wanaosema sheria hiyo ni kali kupita kiasi. Kwa maoni yetu, mchezo unaowakusanya watu kadhaa wenye silaha mahali pamoja, na majirani nyuma ya uzio, hauwezi kuendeshwa kwa onyo la kwanza na onyo la pili.

Leseni si ya kaunti

Hili lieleweke vizuri, maana wapo wanaofika kwenye ofisi za wadi wakiulizia. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya bunduki, haiihuishi, wala haiwezi kukuandikia barua ya kukuharakishia. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, chini ya Bodi ya kitaifa ya Kutoa Leseni za Silaha. Maombi huchunguzwa, mwombaji huhojiwa na kupimwa, na Bodi inaweza kukataa. Cheti kina muda wake na lazima kihuishwe. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliwataka wenye vyeti wote wakaguliwe upya, na aliyepuuza akajikuta ana chuma kisicho halali mkononi. Yeyote anayekuahidi njia ya mkato ni mlaghai, na pesa utakazompa ni hasara ndogo ukilinganisha na kesi inayokusubiri.

Kupenda mchezo pia hakukupi haki ya kuazima bastola ya rafiki ukafanye mazoezi shambani. Ukiwa huna cheti, wasiliana na wasimamizi wa uwanja ulioidhinishwa wakueleze kinachoruhusiwa.

Kaunti inahusika kwingine. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti mipango ya matumizi ya ardhi, udhibiti wa kelele na kero nyingine kwa umma, pamoja na michezo na viwanja vyake. Kwa hiyo, mtu akitaka kugeuza shamba lake kuwa uwanja wa shabaha, kibali cha Bodi hakimwondolei wajibu wa kupitia idara ya mipango, kuwashirikisha majirani na kufanyiwa tathmini ya mazingira. Jirani akiona milio imehamia usiku, au tuta limebomoka kwa mvua, ana haki ya kulalamika, na ofisi yetu ya wadi ndiyo mlango wa kwanza. Akiona risasi imetua kwake, basi si suala la wadi tena. Aende kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na asiiguse.

Kusafisha: kabla ya mafuta, macho

Sasa tuje kwa mwenye cheti. Bastola ya mashindano hufyatua risasi nyingi kwa siku moja kuliko ile ya kujilinda kwa mwaka mzima. Baruti huacha masizi, shaba ya ganda huacha vumbi la njano, na vumbi letu jekundu huongeza lake, kwa sababu magazini inapobadilishwa katikati ya mbio huachwa ianguke chini. Usipoisafisha, itakukwamia, na itachagua kukwama siku usiyotaka.

Kanuni ya kwanza haihusu mafuta. Inahusu chumba. Toa magazini. Vuta slaidi nyuma mara tatu, uizuie ikiwa wazi. Chungulia chemba kwenye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Halafu chukua risasi zote, za magazini na zilizomwagika mezani, uzipeleke chumba kingine. Rudi, ukague tena. Mpangilio huo una sababu. Mtu anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine chemba, kisha anaona ile iliyodondoka na kuamini amemaliza. Baadhi ya bastola hudai kifyatulio kivutwe kabla ya kufunguliwa. Hapo ndipo ukuta, au mguu, au mtoto aliyeko upande wa pili wa ukuta, hulipa.

Watoto wasiwepo. Simu iwe kimya. Ukikatizwa na mgeni mlangoni, ukirudi anza kukagua upya kana kwamba hujawahi kuigusa.

Bastola nyingi za kisasa hufunguka vipande vinne bila vifaa vyovyote: slaidi, mtutu, springi ya kurudisha na fremu. Usifungue zaidi ya hapo. Yaliyobaki ni ya fundi aliyeidhinishwa, na kujaribu kulainisha kifyatulio kwa msasa nyumbani kumewahi kugeuza bastola nzuri kuwa kitu kinachojifyatua kikidondoshwa.

Mtutu husafishwa kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, mwelekeo ule ule wa risasi, ili uchafu usirudishwe ndani na fimbo isikwaruze mdomo wa mtutu, ambao ndio unaoamua risasi inaagana na bastola vipi. Paka kiyeyusho, subiri dakika chache, pitisha brashi ya shaba mara kadhaa, kisha vipande vya pamba mpaka kitoke cheupe au karibu na cheupe. Hakuna haja ya kutafuta weupe wa sahani. Usisahau njia ya mteremko inayoongoza risasi kutoka kwenye magazini kuingia chemba, na ile kucha ndogo pembeni mwa slaidi inayovuta ganda kutoka nje. Masizi yakijaa chini ya kucha hiyo, ganda linabaki ndani na risasi inayofuata inaligonga kisogo. Mswaki wa zamani unatosha kwa kazi hiyo, ila uuwekee alama na usirudishe bafuni.

Kisha mafuta, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa ukarimu. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, tone moja lisambazwe kwa kidole juu ya mtutu mahali unaposuguana na slaidi, na kidogo sana pale ambapo kitabu cha mtengenezaji kinaelekeza. Basi. Mafuta mengi huvuta vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama ile dawa ya kusagia vali za injini. Mahali pasipotakiwa mafuta kabisa ni kwenye tundu la pini ya kufyatulia. Yakiingia huko, hukusanya masizi, pini inapoteza kasi, fataki inaguswa kidogo tu na risasi hailipuki. Mshindani analaumu risasi, ananunua za aina nyingine, na tatizo linabaki.

Magazini nazo zisafishwe zikiwa kavu. Vua kitako chake kwa uangalifu, maana springi hutoka kwa nguvu na inaweza kukupiga jichoni. Futa ndani kwa brashi kavu na kitambaa, kagua midomo ya juu kama imepinda au ina ufa, rudisha. Mafuta yakiingia kwenye magazini yanahamia kwenye risasi, na risasi haitaki mafuta. Ushauri ambao wazoefu hurudia ni kuzipa magazini nambari kwa rangi. Bastola ikikwama mara tatu kwa siku, na mara zote tatu ilikuwa nambari 4, huna haja ya fundi. Itoe nambari 4 kwenye mkanda wa mashindano, ubadilishe springi yake, uijaribu kwenye mazoezi.

Springi ya kurudisha slaidi ni kama kamba ya breki. Haioneshi imechoka mpaka siku imekatika. Weka daftari, andika idadi ya risasi kila unapotoka uwanjani, na ubadilishe springi kwa idadi aliyoshauri mtengenezaji. Magamba yakianza kuruka mbali kuliko kawaida, au slaidi ikishindwa kurudi mbele kabisa, daftari litakuonesha sababu. Kilengeo kilichofungwa kwa skrubu kichorewe mstari mwembamba wa rangi unaovuka kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma. Mistari ikiachana, skrubu imelegea. Mstari huo huchukua sekunde kuukagua, na umewaokoa watu ambao vinginevyo wangelaumu macho yao.

Ukishairudisha pamoja, na risasi zikiwa bado chumba kingine, jaribu mfumo: slaidi inateleza, kifyatulio kinarudi, usalama unashika. Kisha ifungie.

Kwa wanaoishi Limuru na maeneo ya juu, ukungu wa Juni na Julai ni adui wa pekee. Bastola iliyotoka kwenye baridi na kuingizwa chumba chenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda. Ifute kabla ya kuifungia. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuila chuma polepole upande usiouona. Kile kifuko kidogo cha kukausha kinachokuja na viatu vipya, ukikiweka ndani ya sanduku la chuma, kinafanya kazi nzuri.

Risasi zenyewe

Kabla ya shindano, kila risasi ikaguliwe. Fataki isiyokaa vizuri, ganda lenye ufa, kichwa kilichozama ndani: zote hizo zitengwe. Washindani hupitisha risasi zao kwenye kipimo cha chemba, kipande cha chuma chenye tundu la ukubwa kamili. Isiyozama na kutoka kwa uzito wake yenyewe haiendi mashindanoni.

Jambo moja lishikwe na kila anayefyatua, awe mshindani au la. Ukisikia mlio hafifu, kama pumzi badala ya kishindo, na mkono haukurushwa, SIMAMA. Usivute slaidi na kuendelea. Huenda baruti haikuwaka na kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Risasi itakayofuata itaikuta njia imezibwa, na mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Shida ni kwamba mazoezi ya kasi humfundisha mtu kinyume chake: gonga magazini, vuta slaidi, endelea. Ndiyo maana msimamizi mzuri husikiliza kila mlio, na anapopaza sauti ya kusimamisha, hakuna aibu kupoteza kituo.

Madini ya risasi na mikono yetu

Kiswahili kinatukumbusha jambo ambalo lugha nyingine huzificha: neno risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye mtutu na pia ni jina la madini yenyewe. Madini hayo ni sumu. Yamo kwenye kichwa cha risasi na, kwa nyingi, kwenye fataki pia, hivyo kila mlio hutoa moshi wenye chembe zake. Kilichowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kimeifundisha nchi nzima madhara yake, hasa kwa watoto. Kiasi cha uwanjani si sawa na cha kiwandani. Hata hivyo, sumu hii hukaa mwilini na kujilimbikiza.

Kwa hiyo usile wala usivute sigara ukiwa kwenye mstari. Ukimaliza, na kila unapomaliza kusafisha silaha, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi. Usiokote magamba kwa kofia yako kisha ukaivaa. Ukifika nyumbani, vua viatu nje na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mama mjamzito asisafishe bastola wala asifue nguo za uwanjani. Vile vipande vya pamba vyeusi visitupwe kwenye shimo la mbolea.

Kwa wasimamizi wa viwanja, hesabu ni rahisi. Kichwa cha greni 124 kina uzito wa gramu 8 hivi. Tuseme washindani 60 wanafyatua risasi 150 kila mmoja: ni risasi 9,000, kilo 72 za chuma zilizozikwa tutani kwa shindano moja, sehemu kubwa ikiwa ni madini ya risasi. Udongo wetu wa sehemu za chai una asidi, na asidi huyayeyusha madini hayo upesi zaidi na kuyaacha yafuate maji ya mvua. Tuta lichekechwe mara kwa mara na madini yapelekwe kwa warejelezaji wenye kibali. Udongo uwekewe chokaa kupunguza asidi. Nyasi zipandwe kuzuia mmomonyoko, na mtaro wa maji usielekezwe mtoni wala kwenye visima vya majirani. Maafisa wa mazingira wa kaunti wanapofika kukagua, hayo ndiyo wanayopaswa kuoneshwa.

Mwenye cheti atakayepoteza silaha au risasi, iwe njiani kutoka mashindanoni au nyumbani, apige ripoti polisi mara moja na kuchukua nambari ya OB. Mwananchi aliyerithi au kuokota bunduki isiyo na karatasi aiache ilipo, asiifungue wala kuisafisha, na amwite polisi au chifu wa eneo lake aje kuichukua. Maswali kuhusu cheti yapelekwe kwa Bodi. Maswali kuhusu kelele, ardhi na mazingira ya viwanja yapokewa katika ofisi zote za wadi, saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa.